Mlima una madini adimu, mbona mihogo bado inastawi? Uzi kuhusu mizizi, kalsiamu na udongo wenye asidi

#1 MwalimuNyando

Habari za jioni wadau.

Mwezi uliopita nilikwenda Homa Hills, kaunti ya Homa Bay, Kenya, kumsalimu mjomba wangu, kaka yake mama. Kijiji kizima kilikuwa na habari moja mdomoni: mlima una "madini ya simu", na kuna watu wamepita wakiokota mawe na kuyatia kwenye mifuko yenye namba. Mjomba ana mihogo, mtama na kipande cha mahindi pale mteremkoni. Tulipokaa nje baada ya chakula akaniuliza: "Wewe mwalimu, wanasema haya madini ni sumu kwa mimea. Baba yangu alilima hapa, mimi nalima hapa. Kama ni sumu, mbona mihogo inastawi?"

Nafundisha Biolojia na Kemia, mwaka wa kumi na nne sasa, na sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda nisome. Nimesoma, nimekumbuka na jaribio nililofanya chuoni, na nimeona nilete hapa, kwa sababu jibu linawagusa hata walio Vihiga, Bungoma na Njoro ambako hakuna mlima wa namna hiyo.

Tuanze na jina. Madini adimu ni elementi 17: lanthanamu na zile 14 zinazoifuata kwenye jedwali, pamoja na skandiamu na itriamu. Neno "adimu" linapotosha. Seriamu, kwa mfano, imo kwenye miamba ya dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Shida ni kuipata imerundikana mahali pamoja hata mtu aweze kuichimba kwa faida. Kwa hiyo kila shamba lina chembe zake, liwe Kitale au Kajiado. Spika ya simu unayosomea uzi huu ina sumaku ya neodimiamu. Ule unga mweupe ndani ya taa ndefu za darasani una itriamu na yuropiamu.

Huku kwetu yamerundikana kwa sababu ya volkano za aina yake. Mwamba wake unaitwa kabonataiti, na zaidi ya nusu yake ni kabonati, jamaa ya chokaa, iliyopanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka. Leo ni volkano moja tu duniani inayotoa lava ya namna hiyo, Oldoinyo Lengai, Tanzania. Zetu zilizimika mamilioni ya miaka iliyopita, ila mabaki tunayapita kila siku: Mlima Homa, vilima vya Ruri, Rangwa, Kilima cha Buru upande wa Muhoroni, na mawe ya chokaa ya Koru.

Sasa tuje kwenye sumu yenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye utamu wa jambo.

Ioni ya lanthanamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, inakaribia kulingana kwa ukubwa na ioni ya kalsiamu. Tofauti ni chaji: kalsiamu ina mbili, lanthanamu ina tatu. Mmea unaipokea kama kalsiamu na kuiweka mahali pa kalsiamu, lakini ile chaji ya tatu inaifanya ing'ang'anie. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni anakalia kiti cha kalsiamu, jembe hashiki, na kiti haachii.

Na kalsiamu ndani ya mmea ina kazi nzito. Kwanza ni gundi: inashikanisha pektini kwenye kuta za seli ili ukuta uwe imara lakini bado uweze kutanuka. Lanthanamu ikiisukuma na kukaa pale, ukuta unakakamaa na seli za ncha ya mzizi zinashindwa kurefuka. Pili ni mjumbe. Seli ikiguswa na ukame, baridi, kuvu au chumvi, inafungua vijilango kwenye utando wake, kalsiamu kidogo inaingia, na kwa hilo seli inajua kumetokea nini na ifanye nini. Lanthanamu na gadoliniamu huziba vijilango hivyo vizuri kiasi kwamba maabara zimezitumia kwa miongo mingi kwa kazi hiyo hiyo: mtafiti akitaka kujua kama jambo fulani linategemea kalsiamu, anatia lanthanamu na kuangalia kama linasimama. Vinyweleo vya mizizi, vile vinavyonyonya maji na chakula, hurefuka kwa kuongozwa na kalsiamu inayoingia kwenye ncha. Mlango ukizibwa, kinyweleo kinasimama.

Halafu kuna fosfeti, lile umbo la fosforasi ambalo mmea hula. Madini haya yakikutana na fosfeti yanashikana nayo na kuwa chumvi isiyoyeyuka majini. Yakifanya hivyo juu ya ngozi ya mzizi, mmea unakosa fosforasi hali mkulima ameitia. Yakiingia ndani, fosfeti iko kila mahali: kwenye mafuta yanayojenga utando wa seli, kwenye ATP inayobeba nishati, na kwenye uti wa DNA.

Seli iliyobanwa hivyo inaanza kuvuja oksijeni kali, zile aina zinazounguza. Zinachoma mafuta ya utando, utando unavuja, klorofili inapungua na jani linapauka. Mmea unajitetea kwa vimeng'enya vya kuzima moto huo, na mwanzoni vimeng'enya hivyo huongezeka. Kipimo kikizidi, navyo vinaanguka.

Madhara ya ndani ya kiini cha seli, inamokaa DNA, niliyaona kwa macho yangu. Chuoni tulifanya jaribio la kitunguu, ambalo Albert Levan wa Sweden alilieleza mwaka 1938 na linatumika hadi leo. Kitunguu kina kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) 16 tu, tena kubwa, hata hadubini ya shule inazionyesha. Tuliweka vitunguu juu ya vikombe, vingine kwenye maji safi na vingine kwenye lanthanamu kloridi ya viwango vinavyopanda. Siku ya nne, mizizi ya maji safi ilikuwa imeshuka karibu na kitako cha kikombe, myeupe kama uzi wa pamba. Kwenye kiwango cha juu ilikuwa mifupi, minene, ncha zimegeuka kahawia. Tukakata ncha, tukazilainisha kwa asidi hidrokloriki, tukazitia rangi, tukaziponda taratibu chini ya kioo.

Kwenye maji safi, kila ukisogeza slaidi unakutana na seli inayogawanyika. Kwenye lanthanamu inabidi uzitafute. Na zile chache ulizozipata, kromosomu zimenatana bonge moja. Kwingine moja imebaki katikati wakati wenzake wameshavutwa huku na huku. Kwingine zimevutika zikafanya daraja kati ya pande mbili. Pembeni mwa seli zilizokwisha kugawanyika kulikuwa na vijikiini vidogo, yaani vipande vya kromosomu ambavyo havikufika nyumbani. Nilibaki kwenye hadubini ile mpaka fundi wa maabara akaja kuzima taa.

Kikombe kimoja kilitushangaza. Kwenye kiwango cha chini kabisa mizizi haikudhurika. Ilikuwa mirefu kidogo kuliko ya maji safi.

#2 NyarKendu

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho na nimeelewa habari ya kiti. Lakini swali la mzee hujalijibu. Mimi nimeolewa karibu na huko, na mashamba ya chini ya mlima si mabaya. Watu wanakula. Sasa tuogope au tusiogope?

#3 MwalimuNyando

Dada, umenishika pale pale. Nilitaka nianze na seli kwanza ndipo jibu lieleweke.

Jibu ni kwamba kilichomo kwenye udongo na kinachoufikia mzizi ni vitu viwili tofauti. Jiwe linaweza kuwa na lanthanamu tele na mmea usipate hata kidogo, kwa sababu imefungwa ndani ya fosfeti na kabonati. Ili iwe sumu lazima iyeyuke, iwe ioni huru kwenye maji ya udongo. Kwenye maabara, mizizi ya mahindi na ya pojo huanza kudumaa kwa mikromola chache tu za lanthanamu, lakini hiyo ni lanthanamu iliyoyeyuka tayari, kwenye maji matupu yasiyo na udongo wa kuishika.

Na ufunguo wa kufuli hilo ni asidi. Kipimo chake ni pH: namba ikishuka, asidi imezidi. Udongo ukiwa na pH ya 7 hivi, madini haya hulala. pH ikishuka chini ya 5.5, na zaidi chini ya 5, yanaanza kuachiliwa.

Udongo uliotokana na kabonataiti changa umejaa kabonati, na kabonati inaua asidi. Mlima wenyewe unabeba sumu na kufuli yake pamoja. Ushahidi mzuri wa kufuli hilo upo kwenye jumba la makumbusho. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, kisiwani Rusinga. Koru na Songhor nako kumetoka mifupa ya nyani wakubwa wa kale. Mifupa hailali mamilioni ya miaka kwenye udongo wa asidi; ingeyeyuka zamani. Ilidumu kwa sababu majivu ya volkano hizo yalikuwa na kabonati ya kutosha. Hali hiyo hiyo iliyotunza mifupa ndiyo inayozuia lanthanamu isiufikie muhogo wa mjomba.

Hata pale inapoachiliwa, mmea una ngome zake. Sehemu kubwa hunaswa kwenye ukuta wa seli za mzizi na haipandi. Ukipima mazao mengi utakuta mzizi una nyingi, jani kidogo, na punje kidogo kabisa. Kwa anayehofia ugali, hilo ni la kumpa pumzi. Anayehofia mavuno aendelee kuutazama mzizi.

#4 FundiMaabara_Njoro

Mwalimu, kazi nzuri. Naomba kurekebisha mawili na kuongeza moja.

La kwanza: mihogo ni shahidi dhaifu. Muhogo unavumilia asidi, na aluminiamu inayoachiliwa na asidi, kuliko mahindi, na kuliko maharagwe kabisa. Mjomba anaposema mihogo inastawi, inaweza kuwa udongo ni mzuri, au inaweza kuwa muhogo ni mvumilivu. Muulize maharagwe yanafanyaje. Maharagwe yakikataa pale mihogo inapokubali, kuna jambo chini.

La pili: umesema habari ya ngome za mzizi, ni kweli. Lakini jani lina mlango wake. Mwaka 2014 watafiti wa China walionyesha kwamba lanthanamu ikitua juu ya jani inaiamsha seli ya jani ianze kumeza, yaani utando unajikunja ndani na kufanya kijifuko kinachobeba kilichokuwa nje. Seli za majani kwa kawaida hazimezi sana namna hiyo. Kwa hiyo vumbi la machimbo lililotua kwenye sukuma wiki halipiti njia ile ya mzizi uliyoieleza. Na kijifuko kikifunguka hakichagui, chochote kilichokuwa pale nje kinaweza kuingia pamoja.

La kuongeza: kusini mwa China kuna kangaga, Dicranopteris, anayeota juu ya udongo wenye madini haya na kuyapandisha mpaka kwenye majani, zaidi ya gramu 2 kwa kilo ya majani makavu, na bado yuko kijani. Kwa hiyo sumu ni uhusiano wa mmea fulani na kipimo fulani. Kuna hata bakteria wanaoishi juu ya majani ambao kimeng'enya chao cha kutumia methanoli kinafanya kazi kwa kushika lanthanamu au seriamu. Hilo limejulikana vizuri miaka hii ya karibuni tu. Kabla ya hapo vitabu vilisema madini haya hayana kazi yoyote kwenye uhai.

#5 MwalimuNyando

Fundi, asante kwa moyo wote. Hilo la muhogo sikuwa nimelifikiria, na ndilo lilikuwa uti wa swali lenyewe. Nimeandika kwenye daftari: niulize maharagwe.

#6 MkulimaBungoma

Mulembe wote. Mimi nina swali la pesa. Kuna kijana alipita kwetu na chupa, anasema ni "madini adimu ya kuongeza mazao", unanyunyiza juu ya mahindi yakiwa magotini. Anasema China wanatumia. Bei yake si ndogo. Mwalimu, wewe mwenyewe umesema kile kikombe cha kiwango cha chini mizizi ilirefuka. Sasa ninunue?

#7 MwalimuNyando

Mzee wangu, kijana hakusema uongo kuhusu China. Kule wametumia mbolea za madini haya tangu miaka ya 1970, mchanganyiko wa lanthanamu na seriamu zaidi, kwa kulowekea mbegu na kunyunyizia majani. Na kweli kwa kipimo kidogo sana mimea kadhaa huonekana kuchangamka. Elewa tu kwa nini: mara nyingi ule uchangamfu ni seli iliyoguswa na kero kidogo ikaamsha ulinzi wake wote. Kipimo cha kuamsha na kipimo cha kuumiza havipishani sana, tena kinabadilika kwa kila zao, kila aina ya udongo na kila pH.

Kwa hiyo usinunue, na nina sababu. Chupa isiyoandika ni elementi gani na ni miligramu ngapi kwa lita huwezi kuipima. Ulichonyunyiza hakiondoki. Mvua inakishusha kwenye udongo na msimu ujao unaongeza juu yake, na naitrojeni huliwa au huoshwa, lakini lanthanamu inabaki. Na udongo wa Bungoma sehemu nyingi una asidi, yaani unaiweka sumu mahali ambapo kufuli limeshalegea. Hiyo pesa nunua chokaa.

#8 KijanaWaVihiga

Hapo kwenye chokaa ndipo nina wasiwasi. Mwalimu, umesema Koru ni kabonataiti. Chokaa tunayoletewa huku Vihiga si inatoka huko? Tutakuwa tunajimwagia madini adimu wenyewe?

#9 MwalimuNyando

Swali zuri mno, nami nililala nalo siku mbili.

Ndiyo, chokaa iliyotoka kwenye mwamba wa namna hiyo hubeba kiasi fulani. Vilevile mbolea yoyote ya fosfeti. Mwamba wa fosfeti, apataiti, una kalsiamu nyingi, na madini adimu hukaa ndani yake mahali pa kalsiamu. Mchezo ule ule wa kiti, lakini ndani ya jiwe. Kwa hiyo kila aliyewahi kutia DAP, ile mbolea ya dukani ya fosfeti na amonia, ametia chembe zake shambani.

Lakini angalia chokaa inafanya nini ikifika. Inapandisha pH. Inaleta kalsiamu nyingi ya kugombea kiti. Hayo mawili yanafunga kufuli kwa nguvu kuliko kile kidogo ilichokuja nacho. Kwa shamba lenye pH ya 4.8, mimi ningemwaga chokaa hiyo bila hofu, kwa kipimo cha maabara. Ukiizidisha utafunga zinki na chuma pia, na mahindi yatakuwa na mistari myeupe.

Na kijana, huko Vihiga adui wako wa kwanza hata si lanthanamu. Ni aluminiamu. Nayo ina chaji tatu, nayo inaachiliwa na asidi, nayo inanasa kwenye pektini, inadumaza ncha ya mzizi na kufunga fosforasi. Ukiona mahindi machanga yana rangi ya zambarau na mizizi mifupi minene kama ya vile vitunguu vyangu, uwezekano mkubwa ni fosforasi iliyopungua na aluminiamu iliyoachiliwa. Wengi wakiona zambarau wanaongeza DAP. Amonia iliyomo ndani yake ikigeuzwa na bakteria wa udongo inazaa asidi, msimu baada ya msimu. Tunafungua kufuli wenyewe, kwa mikono yetu, tukidhani tunalisha. Hili linaniuma kuliko habari zote za mlimani, kwa sababu linatokea kila mahali na halina mchimbaji wa kulaumiwa.

#10 FundiMaabara_Njoro

Naunga mkono. Niongeze kwa wale wa mpakani: kule Makuutu, mashariki mwa Uganda, mwendo wa saa chache kutoka Busia, kuna mradi wa madini adimu uliopewa leseni ya uchimbaji mwaka 2024. Hayo si ya jiwe. Yameshikiliwa juu juu na udongo wa mfinyanzi, ukipitisha maji ya chumvi kama amonia salfeti yanaachia. Kwa mchimbaji ni rahisi, lakini kwa mzizi ni jambo la kuangaliwa, maana hiyo ndiyo hali iliyo karibu zaidi na kuwa huru. Ganzhou, China, walichimba udongo wa namna hiyo kwa miaka mingi, na amonia na maji ya asidi vikaingia kwenye vijito na mashamba. Sisemi huko itakuwa vile. Nasema tujue cha kupima.

#11 Dunga_Beach

Nipo Kisumu. Nilisikia kuna udongo wenye lanthanamu unaomwagwa ziwani kupunguza mwani. Ni kitu kimoja na hiki mnachozungumza? Maana magugu maji yametumaliza.

#12 MwalimuNyando

Ndiyo, ni elementi ile ile, na kazi yake ni ile ile ya kukamata fosfeti. Udongo wa bentonaiti hutiwa lanthanamu na kumwagwa kwenye maziwa madogo. Fosfeti inanaswa, inazama, mwani unakosa chakula. Ulitengenezwa Australia na umetumika nchi nyingi. Kwa Ghuba ya Winam, huu mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu, sioni ukifaa: fosfeti inaingia kila siku na mito na mifereji ya mji, na lanthanamu ikishashiba imeshiba. Ungemwaga bila mwisho. Kwa dimbwi la samaki labda, tena kwa mtaalamu.

#13 NyarKendu

Mwalimu, naona mnazungumza maabara maabara. Sisi tulio kijijini tunaanzia wapi? Hao watu wa mifuko yenye namba wakirudi na mashine, nitajuaje udongo wangu ulikuwaje kabla?

#14 MwalimuNyando

Dada, hilo "kabla" ndilo nililotaka mtu aseme. Sheria inataka tathmini ya mazingira kabla ya kuchimba, na Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii inayopakana na machimbo, 20 kwa kaunti na 70 kwa serikali kuu. Lakini mgao wa fedha haukuonyeshi shamba lako lilikuwaje. Bila kipimo cha kabla, siku ya kudai fidia unasimama mikono mitupu.

Anza na udongo. Chimba sentimita 20, mahali kumi au zaidi kwenye shamba moja, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, chukua nusu kilo, kausha kivulini. Andika tarehe na mahali. Peleka KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, waambie unataka pH, aluminiamu inayobadilishana na fosforasi. Mkiweza kuchanga kama kikundi, tafuteni maabara inayopima madini adimu, na hapa sikilizeni vizuri: ombeni yale yanayoyeyuka, pamoja na jumla. Jumla peke yake karibu na mlima itakuwa kubwa na itawatisha bure, au mtu ataitumia kuwaambia kwamba udongo wenu ulikuwa mbovu tangu zamani.

Halafu kitunguu. Hili hata watoto wa darasa la saba wanaliweza. Chukua udongo vikombe viwili, maji ya mvua vikombe vinne, koroga, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Chagua vitunguu vidogo vya ukubwa mmoja, vitano kwa maji ya udongo na vitano kwa maji ya mvua matupu. Menya maganda makavu, kwangua mizizi ya zamani bila kukata kile kiduara cha chini. Kalisha kila kimoja mdomoni mwa kikombe, kiguse maji kwa chini tu. Weka kivulini, badilisha maji kila siku. Siku ya nne pima kwa rula mzizi mrefu kabisa wa kila kitunguu.

#15 FundiMaabara_Njoro

Usitumie maji ya bomba kwa kulinganisha, klorini inachoma mizizi. Na vitunguu vingine vya sokoni vimetiwa dawa ya kuzuia kuota. Loweka vya majaribio kwanza kwenye maji ya mvua, visivyotoa mizizi siku ya pili vitupe. Na mwalimu useme wazi: kitunguu kinaonyesha kwamba kuna kinachoumiza, hakitaji jina lake. Mizizi mifupi inaweza kuwa asidi, aluminiamu, chumvi au dawa ya magugu ya jirani.

#16 MwalimuNyando

Sahihi. Kuna njia ya kubaini nusu ya jina. Rudia jaribio lile lile, lakini mara ya pili tia chokaa kidogo kwenye maji ya udongo mpaka karatasi ya litmus iache kuwa nyekundu, subiri itulie, tumia yale ya juu. Mizizi ikirefuka sasa, basi adui ni mmoja wa hawa wanaofunguliwa na asidi. Isiporefuka, tafuta kwingine.

#17 KijanaWaVihiga

Nimeanza jana jioni, vitunguu kumi na vitano, vitano vya chokaa. Mama ananiuliza kama ni vya mboga. Nimemwomba aniachie siku nne.

#18 NyarKendu

Mimi nitachukua udongo wa mahali pawili, juu karibu na mawe na chini kando ya mto ambako tumetia mbolea ya dukani miaka yote. Nadhani sote tulikuwa tunaogopa shamba la juu. Sasa nataka kuona lile la chini.

#19 MwalimuNyando

Fanya hivyo dada, na ulete vipimo hapa hata vikiwa vya kuvunja moyo. Usisahau kuandika kila shamba limetiwa mbolea gani.

Usiku huu nampigia mjomba. Nitamwambia mihogo yake tuiache kwanza, anionyeshe mahali ambapo maharagwe yalikataa.